Uzi wa Lupu

Asubuhi niliona uzi kwenye nguo yangu ya ndani. Mweupe, mwembamba, mgumu kidogo. Nikajua tu lupu, kile kitanzi cha kuzuia mimba, imekatika.

Mtoto wetu wa nne ana miezi miwili. Siku ya kumzaa nilimwaga damu hadi nikaongezewa ya watu nisiowajua, na daktari akaniambia wazi kwamba mimba nyingine karibuni inaweza kuniua. Hali ilipotulia, kabla sijaruhusiwa, wakaniwekea lupu. Na mimi na baba watoto tulikuwa tumesharudi kuwa mke na mume.

Baba watoto ni fundi wa kupaka rangi, na mdomo wake haujui likizo. “Labda imechoka kukaa na wewe,” akasema njiani kwenda kliniki, mtoto begani. Nilimkata jicho.

Kliniki nilimkabidhi muuguzi ule uzi, nimeufunga kwenye tishu kama dhahabu.

“Panda kitandani kwanza, mama.”

Akawasha taa, akainama. Nilikodolea macho dari, nimekaza meno, nikihesabu nitakufa lini na watoto wangu watavishwa na nani.

“Nyuzi mbili za lupu yako zote hizi hapa,” akasema. “Lupu imetulia kwake.”

“Na huo wa kwenye tishu je?”

Akauinua dirishani. “Unafanya kazi gani?”

“Mimi fundi cherehani. Wiki hii nina magauni ya harusi, napindia uzi wa nailo…”

Sikumaliza. Muuguzi alicheka hadi akashika meza, nami nikacheka na machozi juu. Nyumbani kwangu nyuzi zimo hata kwenye uji! Tunazitoa kwenye ngumi ya mtoto, tunazitoa kwenye sabuni, na bado akili yangu ilikimbilia kifo. Lakini mwili mzima ulikuwa mwepesi, nikashuka kitandani kama msichana.

Nje baba watoto alisimama aliponiona. “Ipo,” nikamwambia. “Ule ulikuwa uzi wa magauni.”

Nikangoja anitanie hadi nyumbani. Badala yake alikaa chini, akamkumbatia mtoto, mabega yakaanza kumtetemeka.

“Tangu asubuhi,” akasema, “nilikuwa nawaza nitawaambiaje hawa wanne kwamba mama yao nimemuua mimi.”