Magugu Yaliyosuuzwa

Kuna watu wana macho makavu jamani, na Kipkurui wa Kimulot ni mmoja wao. Heri angekuwa mtu baki. Chepchirchir ni dadake wa tumbo moja!

Kazi ya Chepchirchir, katika maabara ya maji pale Litein, ni kuhesabu mwani wa sumu, ule mdogo usioonekana kwa macho, unaojishikiza kwenye magugu ya bwawa. Unatia gugu kwenye chupa ya maji safi, unatikisa kwa nguvu, mwani unabanduka, unauhesabu kwa hadubini. Ukizidi, bwawa linafungwa. Magugu ya Kimulot aliletewa kila Jumatatu na Kipkurui, mwenyekiti wa kamati ya bwawa, kaka aliyechuna majani chai miaka sita ili yeye asome. Angemshuku vipi?

Wiki tano hesabu ilikuwa ndogo. Wiki tano akaandika maji ni salama, akatia sahihi. Halafu ng'ombe wawili wa jirani yao, Phelis, wakanywa bwawani asubuhi, na kufikia saa nane wote walikuwa wamekufa.

Kesho yake Chepchirchir alifika bwawani, akavaa glavu, akang'oa gugu mwenyewe, akatikisa. Maji yakawa kama mchuzi wa mboga. Chupa za Kipkurui hazikuwahi hata kubadilika rangi.

Alimkuta kakake akikamua.

"Ulikuwa unayaosha?"

"Nilikuwa nayasuuza mtoni, kidogo tu. Hilo bwawa nimelihangaikia miaka minne. Likifungwa, watu wataniona nani?"

"Na ng'ombe wako wanakunywa wapi?"

"Kisimani. Tangu mwezi uliopita."

Kumbe alijua! Aliwakinga wake, wa Phelis akawaacha wanywe. Machozi ya hasira yakamtoka Chepchirchir.

"Twende kwa Phelis sasa hivi, umwambie mwenyewe."

"Nimwambie nini? Karatasi zina jina lako, dada. Mimi nilileta magugu tu." Akaendelea kukamua.

Basi Chepchirchir akaenda peke yake. Phelis alimfungulia mlango, macho yamevimba kwa kulia, akamvutia kiti.

"Keti, mama. Usihangaike kueleza. Kakako alipita hapa asubuhi, akatuomba tukusamehe. Amesema ulikosea kuhesabu."