Bakapu ya Siku Tisini

Mimi ni mtu wa kujisifu, na siku ile niliona ninayo haki. Bwana Abilahi, mkurugenzi wa shirika letu la wakulima wa mwani hapa Kilwa Masoko, aliniita mimi fundi wake wa kompyuta akaniuliza tutazitunzaje barua pepe za ofisi iwapo seva itakufa. Umeme wetu mnaujua. Nikamwambia bakapu, yaani nakala za akiba, zipo za namna nyingi, na nyingine ni za kujidanganya. Ukiweka diski inayoiga kila kitu papo hapo, ukifuta barua kwa makosa nayo inafuta. Ukipeleka nakala zote mtandaoni kwa laini yetu hii, mzigo wa leo utafika keshokutwa.

Tukachagua njia yangu. Kila Ijumaa nakala nzima, siku nyingine yale mapya tu. Diski moja ikae ofisini, ya pili niwe naipeleka nyumbani kwetu Mitwero, ili moto ukiila moja ibaki nyingine.

"Na nakala zitakaa siku ngapi kabla hazijafutwa?" akauliza.

"Tisini."

"Zinatosha?"

"Bosi, nani atapoteza barua asijue kwa miezi mitatu?"

Nilicheka mwenyewe. Nikikumbuka kicheko kile natamani kujizaba kofi.

Haukupita muda, karani wetu Mwanaidi akafiwa na mumewe. Mudathiri alikuwa fundi wa injini melini, mtu wa kuonekana nyumbani mara moja kwa mwaka. Alifia bandari ya mbali na kuzikwa hukohuko. Tulikwenda kumpa pole Mwanaidi, akaingia eda, na kiti chake akakikalia Rosalia kutoka Lindi.

Wiki hiyohiyo seva ikajaa. Katika sanduku la Mwanaidi nikakuta folda nzito, barua zote zimetoka anwani moja yenye jina la meli, na vichwa vyake ni nyuzi za ramani, zile namba za latitudo na longitudo, na tarehe tu. Nikajua ni matangazo ya kampuni ya usafirishaji. Sikuzifungua, maana kusoma barua za mtu si adabu. Nikazifuta. Bakapu ninayo, nikajiambia. Akirudi akizitaka, dakika tano nyingi. Kwetu, Wamakonde Wakatoliki, arobaini ikipita mtu anarudi kazini. Arobaini mara mbili ni themanini, na bado kumi za akiba. Hesabu safi kabisa.

Eda nilikuwa naijua kwa jina. Kuihesabu sikuwahi. Ni miezi minne na siku kumi, na katika muda huo hakuna mwenye haya atakayempigia mjane simu kumuuliza habari za folda, sembuse mwanamume asiye ndugu yake.

Miezi ile Masoko ilikuwa kama imelala. Jua la mchana lilikuwa jeupe, barabara tupu, sauti ya mtu anayepita ilifika kwako kabla yake na kubaki nyuma baada ya yeye kuondoka. Chumba cha seva ndicho pekee kilichokuwa na ubaridi, nami baada ya kula nilikuwa nalala pale sakafuni, taa ndogo za kijani zikikonyeza juu yangu. Niliota kamba za mwani zimetandazwa majini mpaka upeo wa macho, na kila fundo limefungwa karatasi badala ya mche. Mtu nisiyemwona alikuwa anazichuma taratibu kuanzia mwisho wa mbali. Sikuogopa. Niliona ndoto nzuri, nikajigeuza upande wa pili nikaendelea kulala. Siku ya tisini ilipita katika usingizi wa namna hiyo, na diski ikajiandika upya bila kelele yoyote.

Mwanaidi alirudi asubuhi moja, amekonda, udi unanukia mpaka mlangoni.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, Erasmo. Nifungulie barua za mume wangu. Nimezisubiri siku zote hizi."

Barua zipi, nikataka kuuliza, na kabla sijauliza nikajua. Meli ilikuwa na anwani moja kwa mabaharia wote. Zile nyuzi za ramani zilikuwa mahali alipokuwa kila alipomwandikia mkewe. Kwenye simu yake barua za ofisi hazikuwepo, kwa sababu mimi mwenyewe nilipiga marufuku.

Nilimdanganya kuwa mtambo una hitilafu. Nikaipekua diski ya ofisini, nikapanda basi hadi Mitwero kuipekua ya pili, nikaiandikia meli na jibu halikuja. Kilichobaki ni mstari mmoja kwenye kumbukumbu za mtambo: barua mia mbili na kumi na nne zimefutwa. Idadi imetunzwa, maneno hayapo. Nililia ndani ya basi la kurudi, mtu mzima, dirisha liko wazi na vumbi linaingia.

Nilimweleza yote nikiwa nimesimama. Hakupandisha sauti.

"Zote?"

"Zote, dada. Nisamehe."

"Ulizisoma?"

"Sikuzisoma hata moja."

Akageukia dirishani. "Afadhali ungezisoma," akasema. "Tungekuwa wawili wa kuzikumbuka."

Kesho yake akaanza kuziandika. Kila asubuhi, kabla ya kazi, alifumba macho, vidole vikatangulia kutembea juu ya kibodi. Nyuzi za ramani alizijua kama watu wanavyojua namba za simu za zamani. Pale palipokuwa na picha aliandika: hapa kuna picha, bahari alfajiri, maji rangi ya chai, kidole chake kimeziba kona. Akimaliza aliniita. "Erasmo, njoo usome." Nami niliyeona haya kufungua barua za watu nikawa navuta kiti na kusoma, halafu ananiuliza imesemaje, namrudishia neno kwa neno kama mtoto wa madrasa mbele ya mwalimu wake. Nilijua sasa kwamba Mudathiri aliogopa mbu wa bandarini kuliko mawimbi, na kwamba kila barua aliuliza kama bomba la uani limetengenezwa.

Bwana Abilahi akaniuliza folda hii mpya ya Mwanaidi itunzwe siku ngapi. Nikamwambia haina siku. Hakubisha.

Ya mia mbili na kumi na nne aliiandika Alhamisi. Niliisoma, nikairudia kwa sauti, nikadhani tumefika. Jumatatu akaniita tena.

"Njoo usome."

Nikavuta kiti. Nyuzi za ramani nilizozikuta zilikuwa za hapahapa petu, na tarehe ilikuwa ya jana. *Mwanaidi, leo tumepita mbele ya Kilwa. Nimeliona dirisha lako liko wazi. Nimewaomba wapunguze mwendo, wamekataa. Usinisubiri kula.*

Nilisoma mara mbili. Rosalia alikuwa anachemsha chai nyuma yetu. Mwanaidi alikuwa akiniangalia, mikono mapajani, anangoja.

"Umeisoma?"

"Nimeisoma, dada."

"Imesemaje?"

Nikamwambia yote, neno kwa neno.