Pipa la Kunywa na Pipa la Mota

Mwaka ule sekondari ya kata ilipojengwa pale Gendabi, watu wengi walimjua Genoveva kwa utosi. Uso wake ulijulikana kwa mama yake, kwa punda wao wawili, na kwa kuku. Wengine wote waliona utosi tu, kwa sababu Genoveva akizungumza na mtu alitazama chini, na akizungumza na mtu mzima alitazama chini zaidi, hadi ungedhani amedondosha kitu. Siku hizi akisimulia habari hii huanzia hapo hapo, na hucheka kabla wewe hujacheka. "Nilivijua viatu vya kata nzima," husema. "Ungeniletea kiatu kimoja, ningekutajia mwenyewe na shamba lake."

Shule aliiachia darasa la tano. Mama aliugua, Genoveva akakaa nyumbani muhula mzima kumuuguza, na mama alipopata nafuu yeye akaona aibu kurudi kumweleza mwalimu alikuwa wapi. Akajiambia atakwenda Jumatatu. Jumatatu hiyo mpaka leo haijafika.

Basi kila kaya ilitakiwa kutoa mtu wa kujenga. Kaya nyingine zilitoa wanaume wenye mabega. Kaya yao ilimtoa Genoveva na punda wawili, na waliouona msafara huo ukifika walishukuru sana kwa ajili ya punda. Kazi yake ikawa kuteka maji lamboni, kule ng'ombe wa Wabarbaig na wa Wairaqw wanakokunywa pamoja, na kuyaleta kwa madumu hadi kwenye mapipa mawili ya bluu yaliyosimama ubavuni mwa stoo. Kazi hiyo ilimfaa. Punda hawakutaka maongezi.

Halafu habari zikaja kwamba kipindupindu kimeingia vijiji vya bondeni. Bwana Afya akafika na pikipiki yake, akawakusanya vibarua wote, akaweka chini boksi la dawa ya maji.

"Dawa hii ni ya maji ya kunywa," alisema. "Vifuniko kumi kwa pipa. Mnasubiri nusu saa ndipo mnakunywa. Maji ya lambo hivi hivi, hakuna. Kunawa kwa sabuni kabla ya chakula, kila mtu. Na mtu akianza kuharisha asijifiche, aletwe zahanati mbio. Kipindupindu hakikupi siku mbili za kufikiri."

Wanaume wakaguna. Gidabuday, mzee wa Kibarbaig aliyekuwa akikoroga mota, yaani ule mchanganyiko wa saruji na mchanga wa kujengea matofali, akauliza kama dawa hiyo inaharibu utamu wa maji. Bwana Afya akajibu kwamba inanuka kidogo, lakini hakuna aliyezikwa kwa harufu.

Alipoondoka, Fundi Yoakimu, aliyekuwa mkubwa wa kazi yote pale, akamwita Genoveva.

"Dawa utashika wewe," alisema. "Wewe huna maneno mengi. Hutasahau."

Hapo fundi alikosea jambo moja. Aliona mtu mkimya akadhani ni mtu makini. Watu wengi hukosea hivyo, na Genoveva hajawahi kuwasahihisha, maana kuwasahihisha kungemlazimu kuongea.

"Mapipa ni mawili," fundi akaendelea. Mkono wa kulia alishika mwiko uliojaa mota, wa kushoto alishika tofali. "La mota ni lile. La kunywa, la kutia dawa, ni hili hapa. Umeelewa?"

Sasa, mtu aliyeshika mwiko na tofali ataonyesha kwa kitu gani? Kwa mdomo. Fundi Yoakimu aliisukuma midomo mbele upande mmoja akasema lile, akaisukuma upande wa pili akasema hili. Vibarua wote waliokuwa karibu waliona na wakaelewa. Asiyeona alikuwa mmoja tu, yule aliyekuwa akiambiwa, kwa kuwa binti aliyelelewa vizuri hamkodolei macho mtu mzima anaposema naye. Genoveva alikuwa akitazama viatu vya fundi. Vilikuwa vya matairi, cha kushoto kimekatika mkanda na kufungwa kwa waya.

"Ndiyo, baba," alisema.

Alijua hajaelewa. Neno la kuuliza lilikuwa fupi tu, lipi, baba? Fundi alishageuka. Akawaza atauliza baadaye, wakati fundi akiwa peke yake. Fundi wa ujenzi mwenye vibarua ishirini hawi peke yake. Kwa hiyo asubuhi iliyofuata, kabla watu hawajafika, Genoveva alisimama mbele ya mapipa yale mawili yaliyofanana kama mapacha, akakisia. Akachagua lililokuwa karibu na mlango wa stoo. Nani angeweka maji ya kunywa mbali na mlango? Akahesabu vifuniko kumi, akakoroga kwa fimbo safi, akafunika, akaenda zake lamboni na punda akijisikia nesi kabisa.

Siku mbili zikapita. Genoveva alikuwa njiani muda mwingi, na wanywaji walitekewa na Basili, kijana aliyekuwa saidia fundi na mzungumzaji mkuu wa kambi nzima. Basili alichota maji kwenye pipa, akapeleka dumu ukutani, na kikombe kikazunguka. Mchana Genoveva alichota ya kunawia kwenye pipa lake mwenyewe, akakaa pembeni na sabuni, na wanaume wakanawa mmoja mmoja.

"Dada Geno," Basili alimwambia siku ya pili, "wewe ni mtaalamu, una mkono wa dawa. Kule Nangwa kwa mjomba maji yao yananuka dawa mpaka chai hainyweki. Haya yako, tamu! Huwezi kujua kama kuna kitu."

Genoveva alitabasamu akiangalia vidole vya miguu vya Basili. Jioni ile alitembea nyuma ya punda akiwaza kwamba huenda ana kipaji. Huenda wako watu waliozaliwa na mkono wa kupima dawa. Huenda Bwana Afya akisikia atamwita zahanati, na yeye atakataa kwanza kwa heshima, kisha atakubali.

Siku ya tatu, saa tatu asubuhi, alikuwa anashusha madumu alipoona miguu mirefu myembamba, na ndara zilizochakaa, na ncha ya fimbo. Gidabuday.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Mwanangu, hii mota inanuka zahanati."

Genoveva akaendelea kushusha madumu.

"Tangu juzi nakoroga, inanuka zahanati," mzee akasema tena bila ukali wowote, kama mtu anayeulizia hali ya hewa. "Mikono yangu nayo. Jana ng'ombe wangu mwenyewe alikataa nimkamue. Hii saruji inaumwa nini?"

Akamnyooshea mkono ili anuse. Genoveva akanusa. Ilikuwa dawa. Ilikuwa dawa kali, iliyopimwa vizuri, vifuniko kumi kamili.

Anasema kipaji chake kilikufa palepale, kikiwa na umri wa usiku mmoja. Siku tatu alikuwa ameikinga mota na kipindupindu. Matofali ya Gendabi yalikuwa yamekunywa maji salama kuliko kiumbe chochote wilayani, mikono ya wanaume ilikuwa imetakata, na matumbo yao yalikuwa yamejaa lambo, pamoja na vyote ambavyo ng'ombe huacha humo.

Na papo hapo akakumbuka jambo lililomtoa jasho. Asubuhi ile, akienda na akirudi, alikuwa amemwona Basili akikimbilia vichaka vya minyaa. Mara ya kwanza hakuwaza chochote. Mara ya pili akageuza uso kwa adabu. Mara ya tatu Basili alikuwa hakimbii tena, alikuwa anajikokota. Na sasa yule pale ukutani, mkimya, amekalia tofali, na Basili mkimya ni sawa na jogoo asiyewika.

Saa nne ilikuwa inakaribia, saa ya kunywa maji.

Genoveva akaenda kwa Fundi Yoakimu. Alikwenda haraka, kabla woga haujampata.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Tumeshasalimiana asubuhi."

Woga ukampata. Akarudi nyuma hatua tatu, akajilaani, akaenda tena.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba!" Fundi akashusha mwiko. "Binti, una nini leo?"

Alikuwa na sentensi nzima mdomoni. Lakini katika maneno yote ya dunia, lililokuwa limezoea kutoka mbele ya mtu mzima lilikuwa moja tu, na likatoka.

"Shikamoo."

Vibarua wakaangua kicheko. Mmoja akasema mtoto amepigwa na jua, mwingine akasema mwacheni, anafanya akiba ya salamu za Jumapili. Huko nyuma kijana mmoja alikuwa ameshachukua dumu na kikombe kwa niaba ya Basili, anaelekea kwenye mapipa.

Genoveva akageuka akakimbia. Pipa la kunywa lilikuwa limebaki nusu, zito kuliko nguvu zake. Alilisukuma halikutikisika. Akachukua kamba ya madumu, akaizungusha pipani karibu na mdomo, akaifunga kwa punda mkubwa, akamchapa matakoni kofi ambalo mnyama yule hakuwahi kulipata tangu azaliwe. Punda hana aibu. Aliruka mbele, pipa likaanguka kwa kishindo, na maji yakatambaa hadi kwenye mchanga wa ujenzi.

Kazi ikasimama. Viatu vyote vya kata vikaja vikamzunguka, na mbele yao vile vya matairi, kimoja kimefungwa kwa waya.

"Wewe!" Fundi Yoakimu akafoka. "Watu wana kiu tangu alfajiri, unamwaga maji? Una wazimu?"

Hapa palikuwa na mlango wa kutokea, na Genoveva aliuona. Angeweza kusema punda kashtuka. Wangemgombeza, wangeteka mengine, angetia dawa kwenye pipa sahihi bila mtu kujua, na aibu ingemwangukia punda, ambaye hajali. Alitamani sana kusema hivyo. Lakini maji ya juzi na ya jana hayakumwagika. Yalikuwa tayari ndani ya watu, na mmoja wao alikuwa ameketi juu ya tofali, midomo imemkauka, akiwaficha wenzake.

Akainua uso. Ilimchukua muda, kwa sababu shingo haikuwa na mazoea. Akamwona Fundi Yoakimu kwa mara ya kwanza. Alikuwa na kovu kwenye nyusi na macho ya mtu aliyechoka.

"Dawa nimetia kwenye pipa la mota," alisema. "Siku zote tatu. Nyie mmekunywa lambo. Na Basili anaharisha tangu asubuhi, ameshakwenda kichakani mara tatu."

"Nne," Basili akasema kwa sauti ndogo kutoka juu ya tofali. Kisha akakumbuka aibu. "Lakini dada Geno! Mbele za watu!"

Hakuna aliyecheka safari hii.

"Mwingine ambaye tumbo linamsumbua?" fundi akauliza.

Wakatazamana. Mkono mmoja ukapanda taratibu, kisha wa pili.

Mkokoteni wa mchanga ukamwagwa. Walimlaza Basili humo, wale wawili wakapanda kando yake, na ng'ombe wakakazwa mwendo. Gidabuday mwenyewe aliwaswaga, akisema kwamba katika kukimbiza ng'ombe hakuna Mwiraqw atakayemfundisha. Genoveva alibaki amesimama penye tope.

"Si nilikuonyesha?" Fundi Yoakimu akamwuliza. Hasira ilikuwa imemtoka, amebaki na mshangao. "Nilikuonyesha mapipa yote mawili."

"Ulionyesha kwa mdomo, baba. Nilikuwa natazama viatu vyako."

Fundi akavitazama viatu vyake.

"Na kwa nini hukuuliza?"

Genoveva akasema lililokuwa kweli. "Nilipanga kuuliza Jumatatu."

Basili alikaa zahanati siku tatu akiwa na dripu mkononi. Nesi alimwambia kwamba angeendelea kujificha hadi jioni, wangekuwa wanazungumza habari nyingine. Wale wawili walipewa maji ya chumvichumvi wakarudi makwao. Bwana Afya hakutaka kutaja jina la ugonjwa mbele ya watu, lakini alifunga kazi kwa siku saba, na siku zote saba Genoveva alikaa nyumbani akingoja kuambiwa asirudi. Alimhesabia mama yake wote watakaomcheka. Mama akamwambia punda nao wanakula, awarudishe kazini.

Kazi ilipofunguliwa, Fundi Yoakimu alimwita tena. Safari hii aliweka mwiko chini, akaweka tofali chini, akapangusa mikono kwenye suruali. Akatembea hadi kwenye mapipa, akaweka kiganja juu ya moja.

"Hili," alisema. "Nitazame. Hili la kunywa."

Genoveva akamtazama kidevuni. Machoni kulikuwa mbali mno, lakini kidevuni aliweza.

"Hili la kunywa?"

"Hili."

"Siyo lile?"

"Siyo lile."

"Vifuniko kumi?"

"Kumi, binti!"

"Na kama mtu akilihamisha, baba, nikuulize tena?"

Vibarua walianza kuguna. Basili, aliyekuwa amekonda akabaki masikio, aliegemea ule ukuta uliojengwa siku zile tatu, akaunusa, akatangaza kwamba yeye mtoto wake atasoma darasa hili hili, maana ndilo pekee lililochanjwa. Kikombe kilipomfikia alikinusa nacho, akakunja uso.

"Yananuka," akasema. "Dada Geno, umeharibu mkono."

Akanywa yote.