Bakuli la Somo na Mapipa ya Mtaani

Usiku wa jana, baada ya kumeza vidonge vyangu vya presha na kulalia ubavu wa kulia kama kawaida, niliota mapipa ya taka yamekaa barazani kwangu yanapiga soga.

Sikushtuka. Mtaani kwetu, huku Tanga, pipa barazani si jambo la kumshtua mtu. Watu wa usafi walituletea mapipa makubwa ya magurudumu, matatu kwa kila kaya. La kijani la taka zinazooza, la bluu la zisizooza, na jeusi la zile ambazo hata wao wenyewe hawajui ni za wapi. Nyumba yangu ina wapangaji wanne, basi piga hesabu mwenyewe.

Lakini ajabu si hiyo. Ajabu ni kwamba kila Jumatatu, gari likishayamwaga, mapipa hurudi mengi kuliko yalivyoondoka. Hakuna ajuaye yanatoka wapi. Mtaa umekuwa mwembamba kama korido. Mwezi uliopita jeneza lilipitishwa juu kwa juu, wabebaji wakitembea kiubavuubavu kama kaa, na marehemu alikuwa mtu mzito.

Basi nikatoka nimejitanda kanga, nikabisha hodi kwenye baraza yangu mwenyewe.

"Karibu, bibi," linasema pipa la kijani. "Jibane hapo kidogo. Mmeamkaje?"

"Tumeamka salama. Nyie je?"

"Tumeamka tumejaa."

Nikakaa. Pipa la bluu likanipisha kwa adabu, magurudumu yakalia krii.

"Wanangu," nasema, "mimi si mgomvi. Nataka kujua jambo moja tu. Mnatoka wapi nyote?"

Mapipa yakatazamana. La kijani likafunga mfuniko, likaufungua tena kama mtu anayesafisha koo.

"Kwanza uandikishwe, bibi."

Hapo baraza ikawa darasa. Ni lile darasa langu la nne, nilikoachia shule, na dawati ni lilelile lenye msumari. Mapipa yamekaa mawilimawili. Mbele amesimama Mzee Kiondo, mjumbe wetu wa nyumba kumi, na chaki mkononi. Anaita kaya.

"Kaya ya Bibi Riziki!"

"Nipo," nasema.

"Kaya ya kabati la Bibi Riziki!"

"Nipo," linajibu kabati langu kutoka nyuma.

"Mzee Kiondo," nasema, "tangu lini kabati likawa kaya?"

"Bibi, tusivunjiane heshima. Karatasi inasema kaya ni chochote chenye mlango na vitu ndani." Akaliwekea kabati mapipa yake matatu, madogo kama vikombe vya kahawa. Banda la kuku likapewa matatu. Kuku wakasimama wakapiga makofi.

Halafu akanigeukia mimi. "Tunatenganisha. Wewe, bibi, unaoza au huozi?"

Nikafikiri vizuri, maana swali la shule halijibiwi ovyo. "Nitaoza," nasema, "lakini si leo."

"Andika jeusi," akaliambia pipa.

Mimi nikanyoosha kidole. "Mwalimu, swali langu bado halijajibiwa. Yanatoka wapi?"

Pipa la kijani likasimama, mikono nyuma, kama mtoto aliyelelewa vizuri.

"Bibi, sisi hapa ni wageni. Tulipofika hatukujua desturi zenu, tukawa tunatazama wenyeji. Tukaona jirani akipelekewa bakuli la tambi, bakuli linarudi na maandazi. Akipelekewa mbaazi, linarudi na kipande cha samaki. Asiye na kitu huweka hata ndimu mbili au kiberiti. Lakini kurudisha bakuli tupu, hapana, hatujaona. Sasa sisi kila Jumatatu tunamwagwa. Turudi mikono mitupu, watu waseme hatukufunzwa? Ndiyo maana kila mmoja hupitia mtaa wa pili akakamata mwenzake, akarudi naye."

Nami nakwambia kweli, niliyaonea huruma. Miezi yote hii tunayatukana, kumbe yanajitahidi kuwa na adabu.

"Dawa yake nini?" akauliza Mzee Kiondo.

"Tuonyesheni chombo kimoja kikirudi kitupu kwa mwenyewe. Kimoja tu. Tutajua ruhusa ipo, nasi tutaacha."

Watu wote wakanigeukia. Sikujua kama darasani mna watu, lakini walikuwemo, mtaa mzima. Na juu ya meza ya mwalimu limekaa bakuli la bati lenye maua ya bluu na mfuniko wake.

"Siku arobaini na tatu juu ya kabati," linasema bakuli, bila hasira. "Vumbi nimeshalizoea."

Bakuli hilo ni la somo yangu. Yeye Riziki na mimi Riziki, ndiyo maana tunaitana somo. Anakaa ng'ambo ya barabara, hatua tisa kutoka mlangoni kwangu. Tumeolewa mwaka mmoja, tumefiwa na waume mwaka mmoja, na kila jioni tunazungumza yeye barazani kwake na mimi kwangu. Aliniletea tambi ndani ya bakuli hilo mwezi wa Ramadhani. Kabla sijalirudisha, asubuhi moja akakuta pipa limesimama mlangoni kwake, limejaa vichwa vya samaki.

"Somo, ndiyo nini kuniletea uvundo mlangoni?"

"Mimi? Pipa lina miguu yake, likaulize lenyewe!"

"Basi na wewe kazungumze nalo."

Akafunga dirisha. Tangu siku hiyo hatusemezani, na hata ningetaka kumwona, mapipa yamesimama katikati yetu kama ukuta.

"Bibi," anasema Mama Zawena, mpangaji wangu wa chumba cha mbele, "lipeleke hivyohivyo. Mwanangu anaolewa mwezi ujao, gari la bibi harusi litapita wapi?"

"Mama Zawena, ukimrudishia mtu bakuli tupu umemwambia mimi na wewe basi."

"Si hamsemezani tayari?"

"Kutosemezana ni kununa. Hiyo nyingine ni kuachana."

"Mtaa mzima, bibi, kwa bakuli moja!"

Nikalichukua bakuli, nikalifuta kwa pindo la kanga, nikatoka.

Nje ni barabara yetu, lakini zile hatua tisa zimekuwa safari. Natembea, natembea. Jua liko utosini. Mapipa yamejipanga mistari miwili, kila moja limeinua mfuniko kidogo lipate kuona, kama wanawake wanaochungulia biharusi. Kila nikipita moja, linauliza: "Ni tupu, bibi?"

"Bado nafikiri," najibu.

Nilifika katikati miguu ikaniuma. Nikaketi juu ya pipa la bluu, kwa ruhusa yake. Nikatazama nyuma, namwona Mama Zawena ameshika shela la mwanawe. Nikatazama mbele, naona dirisha la somo, limefungwa. Nikiweka kitu, hata ndimu, mapipa yatazidi mpaka tupitie juu ya mapaa. Nisipoweka, nimempoteza somo.

Nikakaa hapo nafikiri mpaka bati la mfuniko likapata moto chini yangu.

Halafu nikainua mfuniko wa bakuli, nikaingiza mdomo ndani, nikaongea polepole.

Nilimwambia somo habari moja ambayo hakuna mwingine aliyeijua. Alhamisi iliyopita, asubuhi sana, Mzee Kiondo alisimama mbele ya pipa la bluu anajizoeza hotuba yake ya mkutano wa mtaa kuhusu mapipa, mtaani hapana mtu. Kufika kwenye "ndugu wananchi", meno yake ya bandia yakamtoka yakatumbukia ndani. Akatazama kulia. Akatazama kushoto. Akazama na mkono mpaka bega. Mimi nilikuwa dirishani. Sikumwambia mtu yeyote, maana habari ile ilikuwa ya somo, na somo hatusemezani. Ilinikaa kifuani kama mwiba wa samaki.

Nikafunika haraka, mvuke usitoke.

Nafika mlangoni kwa somo, pipa la kijani linanisimamisha. "Samahani, bibi. Tukague."

"Kagueni."

Likafunua. Likachungulia. Likainamisha bakuli, likaligonga kitako. "Tupu," likasema.

"Tupu!" yakapokea ya nyuma. "Tupu! Tupu!" mpaka mwisho wa mtaa.

"Kumbe inaruhusiwa," likasema la kijani, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetuliwa mzigo. "Bibi, hujui tulivyokuwa tumechoka kubebana."

Yakageuka. Kila moja likamshika mwenzake kwa mpini, krii, krii, krii, likamrudisha kwao. Barabara ikabaki peupe, ni hatua tisa tu.

Nikabisha. "Hodi, somo."

"Nani?"

"Riziki."

"Riziki ni mimi."

"Basi ni yule mwingine."

Komeo likatoka. Somo hakunitazama usoni, alilitazama bakuli. Akalipokea kwa mikono miwili, akalipima uzito.

"Mbona zito?" akasema.

Akainua mfuniko kidogo tu, akatega sikio. Nikaona mabega yake yanaanza kutikisika. Kabla sijasikia kicheko, nikaamka.

Kumekucha. Koo limenikauka kama niliyehutubia. Nikatazama juu ya kabati, bakuli lipo palepale na vumbi lake. Nikasema, haya, ndoto ni ndoto, lakini siku arobaini na tatu zinatosha. Nikaliosha. Nikakanda unga, nikakaanga maandazi kumi, nikayapanga ndani yangali moto, nikafunika.

Leo ni Jumatatu, na gari la taka lilikuwa limeshapita. Mapipa yamesimama nje yamemwagwa, mifuniko wazi. Kwa udadisi wangu nikahesabu. Jana jioni upande wangu yalikuwa thelathini na saba. Sasa ni thelathini na saba. Nikahesabu tena kwa kuyagusa moja moja. Thelathini na saba. Tangu yaje, hiyo ndiyo Jumatatu ya kwanza hayakuongezeka.

Nikajipenyeza katikati yake kiubavuubavu, bakuli nimelikumbatia. Nilikuwa nimeyapanga maneno ya kuomba radhi, mazuri, marefu. Sikuwahi hata kubisha. Dirisha la somo likafunguka, akatoa kichwa, kilemba bado hajafunga, macho yamemtoka machozi ya kicheko.

"Somo," akasema, "hebu nieleze sawasawa. Yale meno aliyaosha kwanza, au aliyavaa hivyohivyo?"