Kiraka Chini ya Bawa la Delfín

Kwenye chama chetu cha wapenda ndege za mfano, mtu akitoa seti mpya ya ndege ndogo ya kuunganisha, mimi ndiye huikagua mbele ya wote, katika chumba cha nyuma cha baa, na aliyeitengeneza hafungui mdomo mpaka nimalize. Sheria hiyo niliitunga mwenyewe. Safari hii wa kunyamaza alikuwa Radovan, rafiki yangu tangu jeshini, na nilimshuku mapema. Kwanza, alininunulia bia. Radovan hanunuliagi mtu bia. Pili, mke wangu Hedvika, ambaye hajawahi kukanyaga chamani, alikuwa kakaa kona ile eti amekuja kula soseji za siki.

Seti ilikuwa ya Delfín, ndege ya mafunzo ambayo mimi na Radovan tuliihudumia tukiwa mafundi vijana wa jeshi. Nikatoa vipande kimoja kimoja. Macho yangu siku hizi yana ukungu, na zaidi ya daktari simwambii mtu, kwa hiyo napitisha ukucha. Pua, sawa. Mkia, sawa. Chini ya bawa la kushoto ukucha ukakwama.

Kiraka.

Damu ikanichemka. Zamani, nikiwa kuruta ambaye bado hajagusa Delfín ya kweli, nilichonga moja ya mbao nikipima ndege chakavu iliyosimamishwa langoni mwa kambi, nikachonga hadi kiraka chake cha bati, nikidhani kila Delfín inacho. Kumbe kuna fundi tu alikuwa ameziba tundu. Wenzangu walinicheka mpaka basi, nikaificha kabatini. Ile ya langoni ilishayeyushwa. Kiraka hicho kilibaki kwenye mbao yangu peke yake, kwa hiyo seti hii ilinakiliwa kutoka kwangu.

"Radovan," nikasema, "kabatini kwangu uliingia lini?"

"Sheria, Bohdan. Hujamaliza kukagua."

"Nimemaliza. Wewe ni mwizi. Haya, ongea."

Aliyeongea ni Hedvika. "Mimi ndiye niliyempa. Acha kumtukana mwenzio."

"Ulimpa kazi yangu?"

"Kazi gani, inalala na masweta yako makuukuu? Baba, unadhani sioni unavyomimina chai nje ya kikombe? Nilimuuliza daktari wako. Halafu nikamwambia Radovan afanye haraka, uione ukiwa bado unaona."

Nilishikwa na aibu. Nikalichukua tena lile bawa, maana mikono sikujua niipeleke wapi.

"Kiraka hiki ni kosa," nikasema. "Ulitakiwa ukifute."

"Nilikifuta," Radovan akajibu, akiitazama bia yake. "Nikakirudisha. Niliwaza, nikichelewa na macho yako yakazima, ukucha wako utajuaje kuwa ni yako?"