Mananasi ya Mdogo Mtu

Sokoni kila mtu alimwita Dada, hata muuza vitunguu wa meza ya mbele, mzee ambaye angeweza kuwa baba yake. Jina hilo lilienezwa na mdogo wake, Kicheko, aliyeuza mananasi meza iliyogusana na yake. Kutwa Dada hivi, Dada vile, mpaka soko zima likaambukizwa.

Dada ndiye aliyemleta sokoni. Alimfundisha kuchagua nanasi kwa kulinusa kitakoni na kuling'oa macho kwa mshazari, kisu kikizunguka bila kupoteza nyama. Sasa mwanafunzi anapigwa picha. Kila meli ya wageni ilipotia nanga kwenye kile kisiwa chao kidogo, mtembeza wageni aliwaleta moja kwa moja kwa Kicheko. Wataonja, watacheka naye, watanunua. Dada huyo pembeni, na mananasi ya shamba lilelile, anafukuza nzi. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakutuambia ni mwenyeji yupi.

Tusizunguke mbuyu: alikuwa na wivu. Alimwonea wivu mdogo wake tumbo moja, akajichukia kwa hilo, kisha akamchukia Kicheko kwa kumfanya ajichukie. Mtoto yule hakuwa na kosa lolote, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi.

Asubuhi hiyo meli ilipiga honi, na Kicheko akajifuta mikono haraka.

"Dada, naja sasa hivi. Niangalizie."

"Wageni ndio hao wanashuka, wewe unakwenda wapi?"

"Nyumbani mara moja. Usiniulize!" Akaondoka mbio, anacheka.

Soko lile lilikuwa na desturi yake. Ukitoka, jirani anakuuzia, tena anasifia mali yako kwa mdomo uleule anaosifia yake. Hakuna aliyewahi kuivunja, hata waliokuwa hawasalimiani.

Mtembeza wageni akaingia na kundi lake, kofia kichwani, jasho shingoni. Akasimama mbele ya meza ya Kicheko.

"Shikamoo, Dada. Mwenyewe yuko wapi?"

"Marahaba. Katoka." Dada aliyatazama mananasi ya mdogo wake, yamepangwa vizuri mno. "Lakini haya ya leo usiwape wageni, mwanangu. Makali. Yatawachubua ndimi, uaibike bure."

"Makali? Na yako?"

"Yangu? Asali tupu!"

Muuza vitunguu aliinua kichwa, akakohoa. Mtembeza wageni akacheka kidogo.

"Dada, si nimewaona alfajiri mnagawana lundo moja? Haya yakiwa makali, yako yamepata wapi hiyo asali?"

Dada akachukua kisu, akajitia kukifuta. Alitaka kumtilia mdogo wake mchanga kwenye kitumbua, akasahau kuwa wanakula sahani moja.

"Basi tutakwenda kwenye ndizi," akasema kijana, akiwapungia wageni wamfuate. "Bahati mbaya tu. Mdogo wako kanisumbua wiki nzima: safari hii wageni niwafikishe kwa Dada, ndiye fundi aliyemfundisha, wamwone akikata. Hapa nilisimama kumwambia tumeshafika."

Wakaenda zao. Dada akabaki ameshika kisu, masikio yanamwaka moto.

Kicheko akarudi anahema, amekumbatia kitambaa cheupe kilichopigwa pasi.

"Cha meza yako hiki, upendeze kwenye picha! Wako wapi?"

"Hawakukaa," Dada akasema.

"Kwa nini?"

Dada akajitia kupanga mananasi. Muuza vitunguu, ambaye hakuzaliwa na breki ya ulimi, akamjibu badala yake: "Wameambiwa mananasi yako makali."

"Na nani?"

Mzee akageukia vitunguu vyake. Kicheko akamtazama dada yake, na Dada akatazama chini. Hapo hakuhitaji kuambiwa.

Hakupiga kelele; laiti angepiga. Alichukua nanasi moja mezani kwake, akalimenya kwa mshazari vilevile alivyofundishwa, akakata kipande.

"Onja."

Dada akaonja. Lilikuwa tamu mpaka akatamani kulia.

"Mdogo wangu, nilikuonea wivu. Nisamehe."

"Nimesikia," akasema Kicheko. Akakikunjua kile kitambaa cheupe, akakitandaza juu ya mananasi yake yote, akakibana pembe kwa mawe, kisha akaenda bombani kunawa uso. Mchana kweupe, soko limejaa, na meza imefunikwa! Watu wakaanza kugusana viwiko.

Mama mmoja akafika na kikapu, akainua ncha ya kitambaa.

"Dada, mdogo wako hayupo? Niuzie wewe basi, si kawaida yenu?"

Dada akakirudisha kitambaa mahali pake, taratibu.

"Msubiri mwenyewe," akasema. "Mimi hajaniachia."