Mnyapara Hajui Matanga

Ukitaka kuelewa kilichompata Protase, lazima kwanza umjue Mnyapara.

Mnyapara si mtu. Ni programu. Jina hilo ilipewa na marehemu Kahangwa mwenyewe, bosi wa Protase, kwa sababu kazi yake ilikuwa ileile ya wanyapara wa zamani: kupita, kukagua, na kutosikiliza visingizio. Pale ofisini kwao, mtaa wa Bakoba mjini Bukoba, vyumba viwili juu ya duka la nondo, walikuwa wanatunza mifumo ya vyama vya kahawa na ya zahanati za huko Muleba. Mifumo yenyewe haikukaa Bukoba, wapi! Ilikaa kwenye klaudi, yaani kompyuta za kukodi zilizoko mbali huko, wewe unazifikia kwa intaneti tu. Na klaudi zilikuwa mbili, za kampuni mbili tofauti, ili moja ikigoma nyingine ibebe. Sasa huwezi kukaa unabonyezabonyeza kila mashine kwa mkono, utachanganyikiwa. Kwa hiyo waliandika kila kitu kwenye faili: mashine ipi iko klaudi ipi, mlango upi uko wazi, upi umefungwa. Kila alfajiri Mnyapara anasoma faili, anapita klaudi zote mbili, anafananisha. Kilichoandikwa na hakipo, anajenga. Kilichopo na hakijaandikwa, anang'oa. Haulizi ni cha nani.

Zamani wote pale ofisini walikuwa na ufunguo wa kumwamuru. Mpaka siku Derick, mwenzake Protase, alipokosea mstari mmoja akafuta mfumo wa chama kizima cha kahawa. Baada ya hapo Kahangwa alinyang'anya funguo zote. "Mtaandika, mtanitumia, nitabonyeza mimi," alisema. Ufunguo ukabaki mmoja, kwenye laptopu yake.

Wiki ile ya mvua, namba ya dharura ya Muleba ikagoma. Hii ni ile namba fupi ambayo mama akishikwa uchungu huko milimani anapiga, simu inaenda moja kwa moja kwa dereva wa gari la wagonjwa. Protase alizunguka na ndoo ya rangi akiiandika kwenye milango ya watu. Anaikumbuka nyumba moja ya mwisho kabisa, juu, mwenyewe anaitwa Edvina, mimba ikiwa bado changa. Edvina alimkaribisha kahawa ya kutafuna kama mgeni wa heshima, halafu akamcheka.

"Namba yenyewe nikipiga itapokelewa, au ni mapambo ya mlango?"

"Piga sasa hivi, dada." Akapiga, dereva akapokea. Edvina akacheka tena, safari hii kwa raha.

Basi namba ilipogoma, Kahangwa hakusubiri. Alijenga mashine mpya kwa mkono kwenye klaudi ya pili, simu zikaanza kupita. Kwenye faili anayoisoma Mnyapara haikuwepo bado. Akamfunga Mnyapara kwa kufuli la muda, asije akaing'oa.

"Naenda Muleba mara moja, nikaangalie simu ya dereva," alimwambia Protase akivaa koti la mvua. "Nikirudi naituma kwenye faili. Kufuli litatosha."

"Mzee, tuma kabisa ndo uende."

"Wewe nawe! Umekuwa mke wangu?"

Gari lake liliteleza kwenye kona za Muhutwe. Hakurudi.

*

Msiba uliwekwa Kanazi, nyumbani kwao, katikati ya kibanja, lile shamba la migomba la ukoo. Na wewe kama umekulia Kagera unajua: msiba ukiwa haujaisha, jembe halishikwi. Jirani wote wanaacha kulima. Na vitu vya mkono wa marehemu, vile alivyokuwa anavitumia kila siku, vinawekwa kitandani kwake na haviguswi na mtu mpaka mrithi akalishwe kwenye kiti. Ta Lwakatare, yaani mzee Lwakatare, kaka mkubwa wa marehemu, alivipanga mwenyewe: fimbo, kofia, panga, redio. Halafu akaichukua laptopu kutoka kwenye gari lile lililobondeka, akaifuta tope kwa shati lake, akailaza katikati.

"Hili ndilo lilikuwa jembe lake," alisema. Watu wakalia.

Protase naye alilia. Halafu, machozi bado yanatoka, akamkumbuka Mnyapara. Kufuli lilikuwa linajifungua lenyewe Jumamosi alfajiri. Na utaratibu huo wa kufuli kujifungua alioupendekeza ni yeye, mwaka jana, Kahangwa alipomfunga Mnyapara akasahau. Siku ile alisifiwa.

Mwanzoni hakuogopa sana. Maziko yalikuwa Ijumaa. Buberwa, mtoto wa kwanza wa marehemu, angetua Ijumaa asubuhi, mzee azikwe, yeye akalishwe kwenye kiti, laptopu ifunguliwe jioni ileile. Inatosha. Lakini mvua ikakaza, ndege ikashindwa kutua Bukoba, ikarudi Mwanza na Buberwa ndani. Wazee wakakaa, wakaamua: Jumamosi mchana.

Hapo ndo Protase alipomfuata Ta Lwakatare pembeni ya turubai.

"Waitu, mzee wangu, naomba niguse ile laptopu. Muda mfupi tu."

"Ya nani?"

"Ya marehemu."

Mzee alimwangalia kama mtu aliyetukanwa na mtoto wake. "Protase, wewe si mtu wa Maruku pale? Mama yako hakukufundisha?"

"Alinifundisha, Ta. Lakini Mnyapara atafunguka kesho alfajiri, ataing'oa ile namba ya wazazi."

"Mnyapara gani huyo anafanya kazi kwenye msiba wa bosi wake? Mpigieni simu mwambieni akae chini, alie kama wenzake."

"Si mtu, Ta. Ni mashine."

"Basi izimeni."

"Ya kuizimia ndiyo hiyo iliyoko kitandani."

Mzee mmoja kwenye benchi akadakia, "Vijana wa siku hizi! Maiti haijashuka, wanataka kugawana kompyuta!" Watu wakacheka kile kicheko cha msibani, cha pua. Protase akasikia masikio yanawaka. Derick, aliyekuwa anabeba viti, akamvuta shati.

"Oya, achana nao. Watasema unaiba. Kwani si labda kesho kila mtu huko atakuwa mzima salama?"

"Labda."

"Basi."

Walishajaribu njia nyingine. Kampuni ya klaudi ilitaka cheti cha kifo, barua na muhuri, halafu wasubiri. Akabaki na simu. Akampigia sista Annastella, nesi wa zahanati kule Muleba.

"Dada, ile namba inaweza kufa kesho asubuhi. Wape watu namba ya dereva mwenyewe."

"Niwape kwa njia ipi, mdogo wangu? Barabara ya juu imekatika, pikipiki hazipiti. Walio karibu nitawaambia. Wa kule juu simu zao sina, wana namba moja tu, ile uliyowaandikia mlangoni."

"Edvina je?"

"Huyo siku zake zimefika. Nilimwambia ashuke mapema akae hapa karibu, akasema kuna namba, ashukie nini."

Protase alirudi kukaa kwenye nyasi chini ya turubai. Kutoka pale mpaka mlango wa chumba cha marehemu palikuwa karibu, angeweza kutupa jiwe likafika. Mlangoni wamekaa wanawake, katikati yao Ma Joviana, mjane, kichwa kimefungwa kitambaa cheupe. Alijipangia maneno: nitainuka, nitaingia, nitaichukua, wanipige wakitaka. Akainuka kweli. Wanawake wote wakageuza macho. Akauliza maji ya kunywa yako wapi.

Akakaa tena.

*

Jumamosi mvua ilikatika kabla hakujapambazuka vizuri. Watu wamelala kwenye nyasi, wengine wamejifunika kanga, jogoo wanaitana kwenye migomba. Simu ya Protase ikatetemeka mfukoni. Alijua kabla hajaitoa.

*Ukaguzi umekamilika. Kilichojengwa: hakuna. Kilichoondolewa: mashine moja, klaudi ya pili. Kila kitu sasa kinalingana na maandishi.*

Alama ya kijani chini yake. Ile ya "vizuri".

Akapiga namba fupi. Kimya. Akapiga tena. Akaipiga mpaka kidole kikauma, kama vile mtu anagonga nyumba anayojua wenyewe wamehama. Akampigia dereva, dereva akasema yuko macho, gari lina mafuta, hamna aliyepiga, mambo shwari kabisa.

"Hamna aliyepiga kwa sababu haipigiki! Nenda juu, kwa Edvina!"

"Juu wapi, bwana? Barabara imekatika, nitazunguka na wapi bila kujua kama kuna mgonjwa? Nikiondoka na huku akatokea mwingine?"

Sasa ndo akaingia. Hakuomba maji safari hii. Alipita katikati ya wanawake, akapiga magoti mbele ya Ma Joviana.

"Mama, ile kazi ya mwisho aliyoifanya mzee, imeng'olewa sasa hivi. Wanawake wakipiga hawapati. Nilitakiwa nikwambie jana wewe mwenyewe, nikaogopa."

Mjane alimtazama kwa macho yaliyovimba. "Ile ya Muleba? Ndiyo aliyoifia?"

"Ndiyo, mama."

Mjane aliinuka kwa kushika ukuta, akaingia, akasogeza kofia na fimbo, akatoka na laptopu. Ta Lwakatare alikuwa ameshafika mlangoni.

"Joviana! Mrithi bado!"

"Shemeji, nisamehe. Mrithi atanidai mimi." Akamkabidhi Protase, akamnong'oneza neno la siri. Lilikuwa jina la mtoto wao wa kike aliyefariki mdogo. Halafu akakaa chini palepale, kizingitini, kati ya Protase na wazee.

Laptopu ilikuwa na ufa wa kioo, lakini ikawaka. Faili ikafunguka yenyewe, kama mzee alivyoiacha. Protase akaisoma mara mbili. Kahangwa alikuwa ameshaandika kila kitu. Mashine, klaudi, mlango, mpaka maelezo kwa Kiswahili chake kizuri: *hii ni ya wazazi wa Muleba, isiguswe.* Alibakiza kutuma tu. Kitufe kimoja.

Akatuma. Mnyapara akasoma, akakubali bila kinyongo, akajenga. Hata chai aliyoletewa Protase haikuwahi kupoa. Alama ya kijani tena, ileile.

Ili kujaribu, akaielekeza namba fupi kwenye simu yake mwenyewe kwanza, badala ya kwa dereva. Alitaka Derick apige kutoka kule nje. Lakini kabla hajamwita, simu ikaita.

"Alo? Ni gari?" Sauti ya mama mtu mzima, Kiswahili cha kutafuta. Nyuma yake watu wanaongea Kihaya wote kwa pamoja.

"Ndiyo, mama. Ni gari. Uko wapi?"

"Ni huku juu, nyumba ya mwisho. Ni mkwe wangu Edvina. Tumepiga, tumepiga. Alikuwa ameshika simu yeye mwenyewe anapiga, anasema itapokelewa, aliwahi kuijaribu, mpaka pumzi ikamwishia." Akavuta pumzi. "Mtoto naye hakulia."

Ta Lwakatare alikuwa amesimama juu ya Protase. Kwenye simu kila kitu kilisikika mpaka kwa wanawake waliokaa chini.

"Alo? Bado upo?"

"Nipo, mama. Nawatumia gari sasa hivi."

"Litume tu," yule mama akasema. "Ila mwambie dereva barabara ni mbaya, aendeshe polepole. Ni wa kurudishwa nyumbani kwao tu."

Simu ikakatika. Protase akaandika namba ya dereva mahali pake kwenye faili, akatuma. Nje walikuwa wanaanza kuchimba kaburi.